Fungueni kichupa cha chanjo hata kama amekuja mtoto mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee chanjo za watoto, kwasababu kila surua ikilipuka mahali maneno yanakuwa yale yale, wazazi wa vijijini hawana elimu, wazazi wa vijijini wanasikiliza uzushi, alafu mjadala unaishia hapo. Mimi najitolea kama mhudumu wa afya ya jamii, kazi yangu kubwa ni kupita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha akina mama tarehe za kliniki na kuangalia kadi za watoto, na wazazi wanaokataa chanjo wapo, siwezi kusema hawapo. Lakini ninaokutana nao zaidi ni wale waliokwenda wakarudishwa. Walifunga safari, wakafika, wakaambiwa njoo siku nyingine.

Mtu asiyejua atauliza, mtoto anarudishwaje na chanjo ipo kwenye friji? Ngoja nieleze maana hapa ndo penye shida yenyewe na sijaona watu wakipaongelea.

Chanjo ya surua na rubella, ile ambayo nchi nyingi zinaanza kuitoa mtoto akifikisha miezi 9, inakuja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, nesi anachanganya na maji yake maalum ndo anachoma. Kichupa kinachotumika sehemu nyingi kina dozi 10. Cha BCG, ile ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, mara nyingi kina dozi 20. Sasa chanjo hizi mbili zikishachanganywa hazikai, zinatakiwa zitumike ndani ya masaa 6 au mpaka kliniki ya siku hiyo ifungwe, chochote kitakachotangulia, zilizobaki zinamwagwa. Na hiyo sheria ni ya muhimu sana mtu asiichezee, chanjo hizo hazina dawa ya kuzuia bakteria ndani yake kwahiyo zikikaa zinaweza kuingia vijidudu vya kuua. Mwaka 2017 huko Sudan Kusini walifariki watoto 15 kwenye kampeni ya surua, uchunguzi ukakuta chanjo ilikaa siku kadhaa nje ya ubaridi na sindano moja ilitumika kuchanganyia kwa siku zote hizo. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, waliofanya ile kazi hawakuwa wamefundishwa vizuri.

Kwahiyo mwone nesi wa zahanati ya mbali. Asubuhi wamekuja akina mama wawili, wote watoto wao wana miezi 9. Akifungua kichupa anatumia dozi mbili, nane zinamwagwa. Asipofungua hakuna kitakachomwagika. Anawaambia mrudi siku fulani, siku hiyo tunakusanya watoto wengi tuchome kwa pamoja. Yeye kwa akili yake ametunza mali ya umma. Mama mmoja ataweza kurudi, mwingine siku hiyo ni ya shamba, au mtoto mkubwa anaumwa, au hela ya nauli haipo, hajarudi, mwezi umepita, mwaka umepita, na kwenye kadi pale pa surua pako wazi. Alafu ugonjwa ukija huyu mama ndo anaambiwa mzembe!

Mjini kwenye kituo kikubwa hili tatizo halipo. Benchi limejaa kila asubuhi, watoto kumi wanapatikana mapema tu, kichupa kinafunguliwa kila siku na mama akija siku yoyote mwanae anachomwa. Yaani utaratibu ni ule ule mmoja, chanjo ni ile ile, lakini anayeumizwa ni anayeishi sehemu yenye watu wachache, tena huyo ndo aliyetembea mbali zaidi. Mimi hapo sioni usawa wowote, hata kama kwenye makaratasi kila zahanati imepewa chanjo kulingana na idadi ya watu wake.

Na msimamo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu hili unajulikana, kichupa cha surua kifunguliwe hata kama yupo mtoto mmoja tu anayestahili. Sasa kwanini haifanyiki? Sitaki kuwalaumu manesi, wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Ripoti ya mwezi inamtaka aandike dozi alizopokea, alizochoma, na zilizomwagwa, na akija msimamizi swali linakuwa mbona upotevu wako mkubwa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani haandikwi popote. Hana safu yake kwenye fomu. Sasa kama dozi iliyomwagika inahesabiwa na mtoto aliyekosa hahesabiwi, nesi atalinda kipi? Hapo mimi naomba wanaopanga hizi fomu wabadilishe, na waagize chanjo kwa kujua kabisa kwamba zahanati ndogo zitamwaga nyingi, hilo liingie kwenye bajeti toka mwanzo isiwe kitu cha kumuuliza mtu kila mwezi. Vipo pia vichupa vya surua vya dozi 5, gharama ya kila dozi inapanda kidogo na vinataka nafasi zaidi kwenye friji, ila kwa sehemu zenye watoto wachache nadhani ndo vingefaa viende huko kwanza.

Watu wanasema ni gharama. Sawa, lakini surua ni kati ya magonjwa yanayoambukiza kuliko yote tunayoyajua, mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, na ili isipate pa kupita inatakiwa watu kama asilimia 95 wawe wamepata dozi zote mbili. Ikimpata mtoto aliyedhoofu kwa lishe inamletea nimonia, kuharisha, saa nyingine upofu, wengine inapanda kwenye ubongo. Anayewahi kumuona mtoto wa hivyo kitandani hawezi kuniambia habari za dozi nane zilizomwagwa.

Alafu kuna hizi asilimia tunazosomewa. Mwaka 2024 duniani watoto asilimia 85 walimaliza dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, ni kitu kizuri sana, lakini mwaka huo huo watoto kama milioni 14.3 hawakupata hata dozi moja. Hao hawajatawanyika kila mahali sawasawa. Wamekusanyika, wako kwenye vijiji vya mwisho wa barabara, visiwani, kwa wafugaji wanaohama, kwenye maeneo yenye vita, na kwenye mitaa ya mabanda mjini. Ukichukua wastani wa wilaya nzima unaweza ukapata asilimia 90 ukafurahi, kumbe kuna kijiji ndani yake kiko na 40, na surua haina habari na wastani wa wilaya, inakwenda pale pale.

Tena kuna vituo vinaripoti zaidi ya asilimia 100! Haiwezekani watoto wakachanjwa zaidi ya waliopo, ni kwamba idadi ya watoto inayotumika kugawia ni makisio ya sensa ya zamani, watu wameshahama wamezaliana, na wengine wanatoka maeneo mengine kuja kuchanja pale. Sasa kituo kikishaonekana kina asilimia 100 na kitu, nani atakwenda kutafuta waliobaki?

Nimesema mitaa ya mabanda kwasababu tukisema usawa wa mjini na kijijini watu wanadhani mjini kote mambo safi. Hapana. Mtu anaweza kuishi anaona paa la hospitali kwa macho yake na mtoto asichanjwe. Kliniki inafunguliwa siku za kazi asubuhi, yeye ni kibarua, akikosa kwenda asubuhi hiyo hana hela ya siku hiyo na pengine kazi amepewa mwingine. Amepanga chumba miezi michache akahama, kadi imebaki alikotoka au imelowa, akifika anagombezwa mbele za watu kadi iko wapi, harudi tena. Mhudumu wa afya hamjui maana nyumba hizo nyingi hazipo hata kwenye ramani. Kwa hawa dawa yake ni nyingine, kliniki ya jioni au Jumamosi, na kadi isiwe sababu ya kumfukuza mtu, mtoto achanjwe aandikiwe kadi mpya. Kuongeza dozi ambayo pengine alishapata hakuna hatari kama ya kumkosesha kabisa.

Kwa vijijini kinachosaidia zaidi nimeona ni huduma ya mkoba, nesi anabeba kiboksi chake cha baridi anawafuata watu walipo, chini ya mti, shuleni, popote. Ila ndo ya kwanza kukatwa hela ikipungua. Mafuta ya pikipiki hakuna, posho hakuna, kliniki iliyopangwa haifanyiki na akina mama wameshakusanyika wanasubiri toka asubuhi. Ukiwadanganya watu hivyo mara mbili tatu utawapataje tena? Na hii mimi naiona mbaya kuliko uzushi wowote wa mtandaoni, kwasababu mtu mwenye uzushi unaweza kumjibu, lakini kumwambia aamini huduma ambayo haikutokea utaanzia wapi.

Kubeba chanjo nako sio kazi ya kudharau. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, watu wanaogopa joto tu lakini nyingine kama pentavalenti (ile inayokinga magonjwa matano kwa pamoja) na homa ya ini B zikiganda zimeharibika, kwahiyo barafu ya pakiti haiwekwi kwenye kiboksi ikitoka tu kwenye friza, inaachwa kwanza mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Kwenye kichupa kuna alama ya mraba ndani ya duara, ule mraba ukishafikia weusi wa duara chanjo hiyo imepigwa na joto haitumiki. Mtu anayejua haya yote na anatembea nayo milimani anatakiwa alipwe na asaidiwe, asiachwe ajigharamie.

Najua vinakuja vitu vipya, friji zinazotumia jua moja kwa moja bila betri zipo tayari, na kuna kiraka chenye visindano vidogo sana cha surua na rubella, unabandika kwenye ngozi, kilijaribiwa kwa watoto Gambia na matokeo yaliyotoka 2024 yalikuwa mazuri. Kikifika hakitakuwa na habari ya kuchanganya wala kumwaga, kila mtoto na kiraka chake. Ila mtoto mwenye miezi 9 leo hawezi kukisubiri.

Na wale wanaosema haiwezekani kufikia kila mtu, ndui iliisha. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na 1980 ikatangazwa imetokomea duniani, na kazi hiyo ilifanywa na watu waliowafuata mpaka wafugaji wanaohamahama, na chanjo iliyokuwa inavumilia joto. Polio ya virusi vya asili, kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru nayo Agosti 2020, kwa matone na watu wa kupiga hodi kila mlango. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa na kampeni na fedha zake, hii ya kila siku ndo inaachiwa nesi mmoja na friji moja.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Waandishi wako wakipewa taarifa ya chanjo wasichukue asilimia ya wilaya wakaishia hapo. Waombe ya kila kijiji na kila mtaa. Waulize kliniki za mkoba zilipangwa ngapi na zilifanyika ngapi, na waulize ni watoto wangapi walifika kituoni wakaondoka bila kuchomwa. Wakiambiwa hiyo takwimu haipo, waandike hivyo hivyo kwamba haipo.

Wako,
Msomaji, mhudumu wa afya ya jamii