Wosia wa hospitali usiishie kwenye kiwanja

Mhariri,

Wengi wanaofika Muhimbili wanalijua jengo la Sewahaji, ila si wengi wanaojua mwenye jina alitoaje. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam, na katika wosia wake akaacha majumba na ardhi ili mapato yake yawahudumie wakoma na kuwalisha wagonjwa. Hakuacha kuta tupu.

Siku hizi mtu huandika, "Ekari zangu tano zijengwe hospitali ya kijiji," basi. Mirathi ikifunguliwa, msimamizi hana wa kumkabidhi. Hospitali hiyo haipo wala haijasajiliwa, kwa hiyo haiwezi kushika hati. Ndugu huanza kulima pale, na mwisho wake ni mahakamani.

Mwenye nia aunde bodi ya wadhamini angali hai, isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na wosia uitaje kwa jina lilelile lililoko kwenye cheti. Namba ya hati na mipaka ya kiwanja viandikwe. Mwislamu akiusia zaidi ya theluthi moja, ziada hiyo inasubiri ridhaa ya warithi. Akitaka kutoa zaidi, na aweke wakfu akiwa mzima wa afya. Wosia wa kimila ulioandikwa na anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.

Kisha uendeshaji, na hapa ndipo nia njema nyingi zinapokwama. Johns Hopkins wa Baltimore, Marekani, mfanyabiashara aliyeacha mali ya kujengea hospitali, alifariki mwaka 1873. Wadhamini wake walijenga kwa mapato ya mtaji, mtaji wenyewe wakauacha, na hospitali ikafunguliwa mwaka 1889. Ilichukua muda mrefu, lakini ilifunguliwa ikiwa na cha kuiendesha. Kwetu, mwenye kiwanja na nyumba mbili za kupangisha aandike wazi: kodi ya nyumba hizi ilipe dawa, maji, dizeli ya jenereta na muuguzi wa zamu ya usiku. Nyumba zisiuzwe ili kumalizia paa.

Aongeze pia mstari mmoja: mali isipotosha hospitali, iende zahanati gani.

Wosia uhifadhiwe RITA, na mdhamini mmoja ajue uliko. Usipopatikana, mali hugawanywa kana kwamba haukuandikwa.

Msomaji wako,
Tanga