Risala ya wahitimu wa kozi ya michoro ya kompyuta na efekti za picha kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Shikamooni wakubwa zetu. Wa rika letu, mambo vipi.

Awali ya yote tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa kikundi ambacho hakina hata kibao nje ya mlango. Mshehereshaji ametuonya kwamba risala isizidi dakika 15, na ametukumbusha mara mbili, kwa hiyo tunaanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipojiandikisha miezi tisa iliyopita tulijaza chumba hadi wengine wakakaa juu ya ndoo. Leo tunaohitimu ni kumi na tisa. Waliotuacha njiani hawakushindwa akili. Wengi walikuja wakidhani kwamba kompyuta ndiyo itakayofanya kazi na wao watabonyeza. Wazazi wetu nao walikuwa na yao. Mama wa mmoja wetu alikuwa akiulizwa na majirani mwanawe anasomea nini, anajibu "kompyuta" halafu anabadilisha mazungumzo, maana akitaja katuni ataonekana anamlea mtoto wa miaka 22. Mama huyo yuko hapa, safu ya pili, na leo kavaa kitenge kipya.

Mwezi wa kwanza hatukugusa kompyuta. Mwalimu alituletea mipira miwili, wa ngozi na wa chandimu uliofungwa kwa makaratasi na kamba, akatuambia tuidundishe na tuchore tunachokiona. Tulilalamika. Tulikuwa tumelipa ada tujifunze kulipua magari kwenye video, na huyu anatufanya watoto wa chekechea. Lakini mpira wa ngozi ukigusa chini unabonyea kidogo, ukipanda unaonekana kama unarefuka, na kule juu kabisa unakawia kabla ya kushuka. Chandimu haufanyi hivyo, unaanguka pu, unabiringika, unatulia. Mtu akikuchorea chandimu unaoruka kama mpira wa ngozi, jicho lako litakataa hata kama hujui sababu. Wachoraji wawili wakongwe wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliandika kanuni 12 za kazi hii mwaka 1981, na huko kubonyea na kurefuka ndiko kwa kwanza katika orodha yao. Kanuni hizo zilitokana na penseli na karatasi. Kompyuta ilizikuta zipo.

Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye mashine: kumodeli umbo, yaani kulifinyanga ndani ya kompyuta, kulivisha rangi na tekscha, kulitia mifupa ya rigi ili liweze kutembea, kupanga taa, kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe picha iliyokamilika, na mwisho kompozitingi, yaani kupandanisha tabaka za picha hadi kilichopigwa na kamera na kilichotengenezwa kwenye kompyuta vionekane vilikuwa mahali pamoja siku moja. Hatutakuchosha na kila hatua. Ila kuna mambo mawili tunaomba kuyasimulia, kwa sababu yalitufundisha kuliko daftari zote.

La kwanza ni kitambaa cha kijani. Tulikinunua Kariakoo, tukakitandaza ukutani, tukaanza kupiga picha za mtu anayetakiwa aonekane anatembea juu ya bahari. Wengi huuliza kwa nini kijani. Ngozi ya binadamu haina rangi hiyo, kwa hiyo programu inaweza kuondoa kijani chote bila kumla mtu. Tena katika kamera nyingi za kidijitali, nusu ya vitundu vya sensa, kile kidude kinachopokea mwanga, hupokea kijani, robo nyekundu na robo bluu, ndiyo maana kijani hutoka safi zaidi. Hayo tulifundishwa vizuri sana. Kesho yake mwenzetu mmoja, shabiki wa Yanga wa kufa na kuzikwa, akaja kupigwa picha na jezi yake. Tulipoondoa kijani kikabaki kichwa na mikono vinaelea juu ya mawimbi. Wana Simba wa darasa hili walipiga kura tuiache hivyohivyo. Utani pembeni, tangu siku hiyo hakuna aliyesahau kukagua mavazi kabla ya kuwasha kamera, wala kumsogeza mwigizaji mbali na kitambaa, maana akikikaribia kile kijani kinaakisi na kumpaka mashavuni, na kukisafisha baadaye ni kazi ya usiku kucha.

La pili ni umeme.

Mheshimiwa, filamu ni picha 24 kwa kila sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Kurenda ni kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga wa kila picha: unatoka wapi, unagonga nini, unaakisi wapi. Picha moja ikichukua dakika kumi, na kwa mashine zetu hilo ni jambo la kawaida, dakika moja ya filamu inahitaji saa 240. Hizo ni siku kumi, mchana na usiku, kompyuta haizimwi. Sasa fikiria umeme ukatike siku ya sita. Kundi letu la kwanza lilirenda moja kwa moja kuwa faili la video; umeme ulipokatika faili likafa na siku zote zile zikaenda nalo. Dada aliyekuwa akiisimamia kazi ile alitoka nje akakaa kwenye ngazi, hakusema na mtu hadi jioni. Ndipo tulipojifunza wanachofanya mafundi wa kweli: unatoa picha mojamoja, kila moja na namba yake, halafu unaziunganisha mwishoni. Umeme ukikatika unapoteza picha moja, unaanzia ilipoishia.

Kuna njia nyingine pia, ya kurenda kwa haraka, na hapa tunaomba kutaja programu tunayotumia, kwa kuwa ina hadithi yake. Inaitwa Blender. Ilikuwa mali ya kampuni moja ya Uholanzi, kampuni ikafungwa, na mwaka 2002 mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili iachiwe huru. Wakachanga kama tunavyochangia harusi, na kiasi kile kikapatikana ndani ya wiki saba. Tangu hapo ni bure kwa kila mtu duniani, kwa halali, bila ya programu za kukraki zinazokuja na virusi. Ndani yake mna njia mbili kuu za kurenda. Cycles hufuata miale ya mwanga kwa uaminifu na inakula muda. Eevee hukadiria kama yanavyofanya magemu, na inatoa picha kwa sekunde badala ya dakika. Walimu wa mitandaoni wengi humwambia mwanafunzi kwamba Eevee ni ya majaribio tu. Sisi tunapingana nao. Machi 2025 Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilichukuliwa na filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis, na ilitengenezwa kwa Blender na kurendwa kwa Eevee. Latvia yote haina watu milioni 2. Dar es Salaam peke yake, sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.

Hatusemi kesho tutaleta Oscar hapa mtaani. Tunasema kizingiti kimeshuka, na bado sisi hatujakivuka, wakati vitu vyetu vimeshavuka bila sisi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta juu ya vibao. Mwaka 2010 mtindo ule ukawa mfululizo wa katuni za watoto ulioonyeshwa Uingereza na kwingineko, na studio iliyouhuisha ilikuwa Nairobi, vijana wa Kenya wakajifunzia kazi humo. Hongera zao, tunasema kwa dhati. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyo wa filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika, zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Mkusanyo ule una jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Waongozaji walitoka Kenya, Uganda, Zimbabwe, Nigeria, Misri na Afrika Kusini. Mtanzania hakuwamo. Si kwamba nyumbani hapafanyiki kitu. Ubongo wamekuwa wakitengeneza katuni za kuelimisha watoto hapahapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi, na baadhi yetu tulijifunzia kuhesabu humo. Lakini mlango mmoja haututoshi wote.

Wengi wetu tutaanzia kwenye video za harusi, matangazo ya maduka na video za singeli. Hatuoni aibu. Tatizo la soko hilo ni sentensi moja tu: "Mdogo wangu, nirekebishie kidogo." Unaongeza moto, mteja anaona moto ni mwingi. Unaupunguza, anakumbuka alitaka mvua. Bei ni ileile ya mwanzo. Tulidhani haya ni ya uswahilini, kumbe hata wakubwa yamewakuta. Februari 2013, Rhythm & Hues ya Marekani, kampuni yenye sifa kubwa katika efekti, iliomba kinga ya kufilisika, na siku chache baadaye kazi yake ikashinda Oscar. Walio katika fani walieleza kwamba bei ilikuwa ikipangwa mara moja huku mabadiliko ya wateja yakiongezeka. Kwa hiyo katika darasa hili tumeweka desturi yetu wenyewe: marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa, na inaandikwa kwenye karatasi kabla kompyuta haijawashwa. Tumeshawapoteza wateja wawili kwa ajili hiyo. Wote wawili wamerudi.

Na akili mnemba? Tunaulizwa kila wiki, hasa na wajomba. Kweli imeanza kuzila kazi za chini, kama kumkata mtu kutoka kwenye mandhari picha kwa picha, ambazo ndizo mwanagenzi alikuwa akianzia. Hilo linatuuma na hatulifichi. Lakini ukiiambia ikutengenezee mama wa Kizaramo anayekuna nazi, inakupa mtu aliyekaa kwenye kiti na kukwangua nazi kwa kijiko. Mpaka itakapoijua mbuzi, bado tuna la kufanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa maombi. Risala isiyo na maombi huwa haisikilizwi, na risala iliyojaa maombi huwa inawekwa mezani, basi tuna matatu tu.

Tunaomba usituletee kompyuta. Tunajua inashangaza. Mwaka huu mfadhili mmoja mwenye moyo mwema alituletea kompyuta kumi zilizotoka maofisini, tukapiga picha ya pamoja, tukashukuru. Hakuna hata moja yenye kadi ya grafiki, kile kifaa kinachobeba kazi nzito ya picha. Zinaandika barua vizuri sana. Badala ya kumi za namna ile, mashine moja yenye kadi ya maana na betri ya akiba, tukapangiana zamu, ingetufikisha mbali zaidi. Na mtu akitaka kutoa, atuulize kwanza.

La pili ni mkopo. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya vikundi, na asilimia 4 ni ya vijana. Tulipopeleka andiko letu mahali, tuliulizwa mradi uko wapi ili ukakaguliwe. Tukaonyesha laptopu. Tukaulizwa tena, sawa, mradi uko wapi? Mwenye kuku ana banda, mwenye bodaboda ana pikipiki, sisi tuna faili. Tunaomba wakaguzi waelekezwe kwamba kazi ya namna hii hukaguliwa kwa kuitazama, na mikataba ya wateja ipo.

La tatu ndilo kubwa. Tupeni kazi. Kila mwaka kuna kampeni za chanjo, za kipindupindu, za usafi wa mitaro, na matangazo yake mara nyingi ni picha za kukopi na sauti ya kuazima. Tujaribiwe kwa tangazo moja la sekunde 30, kwa malipo, hata yawe madogo, na kwa mkataba. Kwa heshima zote, vyeti utakavyotugawia leo tutavitundika sebuleni, wazazi wafurahi. Anayetafuta fundi wa efekti, awe Nairobi, Cape Town au Mumbai, haulizi cheti. Anaomba shorili, dakika moja au mbili za kazi bora uliyoifanya, na akiona sekunde kumi mbaya za mwanzo hamalizi. Kazi halisi iliyoonekana na watu ndiyo inayojaza dakika hiyo.

Tunawashukuru walimu waliotufundisha wakati mwingine kwa mwanga wa simu, mwenye nyumba aliyevumilia feni za kompyuta kunguruma usiku, na wazazi kwa ada na kwa kuacha kuuliza.

Tukimaliza hapa taa zitazimwa, tutaonyesha filamu yetu ya dakika moja, ndiyo kazi ya mwisho ya darasa zima. Kwenye sekunde ya 41 kuna kivuli cha mnazi kimeelekea upande usio wake. Tumekiona leo asubuhi, na muda wa kurenda upya haukuwepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.