Magamba ya chaza: maandalizi ya Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana Bweleo kutengeneza hereni. Kila mmoja aje na magamba 6, yaliyolowekwa usiku kucha kwenye maji ya sabuni na kusuguliwa kwa brashi. Tafadhali msitie siki wala ndimu: gamba ni chokaa, asidi inakula ule mng'aro tunaouza.

Kazi inaharibika zaidi kwenye kutoboa. Tundu la mm 1 likae angalau mm 3 kutoka ukingoni, la sivyo gamba linameguka. Anzeni upande unaong'aa, chini muweke kipande cha mbao, kwa sababu keekee hubandua pale inapotokea. Msikandamize. Gamba liwe na maji muda wote. Likipata moto linapasuka, na vumbi lake likiwa kavu linaingia kifuani. Barakoa ni lazima, hata kwa wazoefu.

Msasa wa maji ni namba 400, 800, kisha 1200. Ukiruka 800, mikwaruzo itabaki na mteja ataiona juani.

Jozi ikatwe kwenye gamba moja, rangi zilingane. Ndoano ziwe za fedha 925 (yenye fedha safi asilimia 92.5); zenye nikeli huwasha masikio ya wengi.

Ng'amba, yaani gamba la kasa, hatugusi kabisa. Kasa analindwa, na mgeni akikutwa nayo uwanja wa ndege itachukuliwa.

Asiye na msasa aniandikie kabla ya Alhamisi jioni, nipitie soko la Darajani kumnunulia.