Kaka, ile mashine haikuwa imekufa

Kaka, shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu grupu la familia ulishatoka na simu yangu hupokei. Wifi kaniambia umeiona ile video nachana mninga kwa mashine ya Baba ya msumeno, ukauliza kitu kimoja tu: "Imefunguka vipi?" Mimi naendeleaje hukuuliza. Haya, nakujibu.

Ulikuwa uchafu. Ule usukani wa mbele, wa kupandishia na kushushia msumeno, kwa ndani unazungusha skrubu inayosukuma kipande cha gia kilichokaa kama mwezi mchanga. Meno yake yalikuwa hayaonekani kabisa. Vumbi la mbao na grisi vimeshikana vikawa vigumu. Nachokonoa kwa msumari, vinabanduka kama ukoko. Na hiyo grisi unajua nani aliiweka. Kila Ijumaa kabla ya msikiti, Baba na kile kikopo chake. Mungu amrehemu, alidhani anaitunza. Grisi inakamata vumbi, kaka. Kila alipoongeza, akazidi kuifunga.

Halafu ukaja wewe na bomba, ukalipachika kwenye usukani upate nguvu. Katikati ya usukani kuna kifungo cha kukazia. Kilikuwa kimekazwa! Hata ingekuwa mpya isingezunguka. Baba alikuonyesha kile kifungo, nami nilikuwepo, ndiye niliyeshika tochi. Shafti uliipinda. Hadi leo nikizungusha inayumba kidogo.

Lakini sikuja kugombana. Nasikia umenunua mashine ya randa ya mtumba nayo imeganda, basi sikiliza. Chomoa umeme, toa mkanda. Paka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, uache usiku kucha. Nyundo weka mbali, maana chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka. Sogeza robo mzunguko, rudisha, safisha, sogeza tena. Mimi ile ya Baba nilikaa nayo siku tisa. Siku ya sita ikatoa kamlio, kwii, nikakaa chini kwenye maranda nikalia peke yangu. Ikishalegea usiirudishie grisi. Sugua mshumaa kwenye meno, nta haishiki vumbi.

Subira hiyo ungekuwa nayo wewe, nisingeandika haya.

Arobaini ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi nakuta guta mlangoni, mashine imelazwa ubavu, mkanda unaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Nikakuuliza. Ukajibu huku unafunga kamba, hata uso hukuinua: "Chuma kilichoganda ni kilo tu." Nikalifuata lile guta kwa miguu, kutoka Keko mpaka kwenye mizani ya chuma chakavu, na kanga za msibani mwilini. Kilo 192. Mwenye mizani alipoona machozi akapandisha bei, nami nikalipa, hela yote ya kikoba. Yako ulishapokea na kuondoka. Hukugeuka kuona nani amesimama nyuma yako.

Kwa hiyo ukiwaambia watu nimejichukulia mali ya marehemu, wasomee na uzito.

Ni kweli sikukwambia kwamba naifungua. Ningekwambia ungekuja na bomba. Ni kweli pia kazi ya kwanza niliyolipwa sikugawa kwa mtu. Nilinunua beringi mbili na kulipia kikoba, na Mama anajua. Au nilitakiwa nikuletee risiti?

Mwanao yule wa kati huwa anakuja Jumamosi. Sikumwita, kaja mwenyewe. Kile kifungo nimekipaka rangi nyekundu, naye hukilegeza kwanza kabla hajagusa kingine, umeme nikiwa nimeshachomoa. Nikiingia uvunguni, yeye ndiye anayeshika tochi. Akirudi na vumbi la mninga shingoni usimgombeze. Nimemtuma mimi, shangazi yake.