Barua kwa wahudumu wa afya mnaoanza kupita vijijini

Wanangu, hamjambo.

Nimesikia mmemaliza mafunzo na mtaanza kupita nyumba kwa nyumba, na ukoma ni miongoni mwa magonjwa mtakayoyatafuta. Niliuguza wagonjwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Niruhusuni neno.

Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, mnakijua kwa sababu ya Mandela. Kabla yake kilikuwa na wafungwa wengine, watu ambao hawakuiba wala kumpiga yeyote. Kuanzia 1846 serikali ya kikoloni ya Cape iliwapeleka huko wagonjwa wa ukoma, pamoja na wagonjwa wa akili na mafukara waliokosa wa kuwauguza. Mwaka 1892 sheria ya kuwatenga kwa lazima ikaanza kutumika. Baba alichukuliwa, watoto wakabaki. Wanaume walitengwa na wanawake ili wasizae. Bara waliliona ng'ambo ya maji kila kulipokucha. Mwaka 1895 wagonjwa wenyewe walijenga kanisa, na hadi leo limesimama. Waliobaki walihamishiwa Pretoria mwaka 1931, na majengo yao mengi yakabomolewa.

Waliofanya hayo walikuwa na hofu, na dawa hawakuwa nayo. Daktari Hansen wa Norway alikiona kijidudu cha ukoma mwaka 1873. Ugunduzi huo ungetosha kuwaondolea wagonjwa dhana ya laana, lakini ukawapa watawala sababu ya kisomi ya kufunga mlango. Mwaka 1897 madaktari waliokutana Berlin wakashauri wagonjwa watengwe.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Dawa ilipatikana miaka ya 1940, na milango haikufunguka. Kalaupapa, huko Hawaii, ambako wagonjwa walianza kupelekwa mwaka 1866, sheria ya kuwatenga iliondolewa 1969. Japani iliifuta yake 1996! Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi mtu aliweza kutibika na bado akafungiwa.

Sisi kijijini hatukuwa na kisiwa. Tulikuwa na kibanda nyuma ya migomba. Nilipokuwa mtoto nilitumwa kumpelekea chakula mzee aliyeishi humo, nikaagizwa nikimimine kwenye bakuli lake bila kuligusa, kisha nikimbie. Nilikimbia kila siku. Alikuwa ndugu wa babu yangu, tumbo moja.

Sasa fikirini: mtu anayejua kwamba akisema atapelekwa nyuma ya migomba, atasema? Atalifunika kwa shati baka lililotokea kwenye ngozi yake, na ugonjwa huu hauna haraka. Unakula mishipa ya fahamu, mkono unakufa ganzi, anaepua sufuria bila kusikia moto, kidonda kinaoza. Vidole havidondoki vyenyewe kama tulivyosimuliwa utotoni. Hupotea kwa majeraha yasiyouma. Kule kuficha ndiko kulikolemaza watu, na kutenga ndiko kulikowafundisha kuficha.

Kwa hiyo msiingie kijijini kama wasakaji. Msimpime mtu barazani majirani wakitazama. Mwombeni mwende ndani, afumbe macho, mguse baka kwa ncha ya pamba, mmwulize kama anasikia. Asiposikia, msitaje jina la ugonjwa hadharani. Mpelekeni zahanati, mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya ajulishwe. Na neno "mkoma" liacheni kabisa. Huyo ana jina.

Mwambieni dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na kwamba akishaanza kuzimeza, muda si mrefu hatakuwa tena tishio kwa yeyote. Alale kitandani mwake, apakue chungu kimoja na wanawe. Haya yarudieni kwa mkewe, kwa mama mkwe, kwa mwenye nyumba, kwa sababu vidonge humezwa na mgonjwa lakini kibanda hujengwa na jamaa. Watu wengi wana kinga ya asili dhidi ya ukoma. Nao waambieni hilo.

Mkikaribishwa chai katika nyumba hiyo, kaeni mnywe, kwa kikombe chochote mtakachopewa. Watoto wa jirani watakuwa wanachungulia.

Mzee wenu