Mama, jina la mtoto tumepata

Shikamoo mama. Huku Trondheim, Norwe, tuko salama, mkweo yuko mwezi wa nane na mtoto anacheza vizuri tu tumboni, kwahiyo lile swali la jina leo nalijibu. Akiwa wa kiume ataitwa Olav.

Najua huko Haydom mtauliza mbona hajapewa la ukoo, ila ni la ukoo hilo, ni la babu yake mzaa mama, na yeye alilirithi kwa babu yake, maana hawa Wanorwe nao tangu zamani mjukuu anabeba jina la babu kama kwetu tu. Alafu si jina geni kwenu, kina Dokta Olsen walioongoza hospitali hapo, baba kisha mwanae, Olsen ni mwana wa Ole na Ole ni Olav huyohuyo.

Wajina wake mkubwa ni mfalme Olav Haraldsson, aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030 akazikwa hapa Trondheim, wakamtangaza mtakatifu. Kanisa kuu la Nidaros limejengwa juu ya kaburi lake na watu bado wanakuja kuhiji, wengine wanatembea kwa miguu toka Oslo, kilomita zaidi ya 600! Siku yake ni tarehe 29 Julai. Hata pasipoti ya mkweo ina simba ameshika shoka, shoka hilo ndo alama ya Olav.

Ila mi ninayempenda ni mfalme Olav wa Tano. Alizaliwa Uingereza 1903 akaitwa Alexander, baba yake mjukuu wa mfalme wa Denmark, alafu 1905 Norwe ikajitenga na Sweden wakamwomba baba yake awe mfalme wao, baba akajiita Haakon na mtoto wa miaka miwili akawa Olav, na kweli akawa wao kabisa. Mwaka 1973 mafuta yalipokua shida wikiendi magari yakapigwa marufuku, yeye akapanda treni ya mjini na watu wengine, kabeba mbao zake za kutelezea kwenye theluji, anatoa hela alipe nauli, picha ipo. Alivyofariki Januari 1991 watu walijaza mishumaa kwenye theluji mbele ya ikulu, usiku kucha. Mtoto wangu akibeba jina la mtu wa hivo nafurahi mama, nafurahi sana.

Jina la pili ni la baba, hilo halina mjadala. Naomba uongee na baba mdogo kabla hajasikia kwa watu, usajili huku tuna miezi 6 baada ya kuzaliwa kwahiyo hatuna haraka. Na akiwa wa kike, jina utachagua wewe.