Supachaja isichaguliwe kwa nguvu za kileleni pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee machache kwenye makala yenu kuhusu supachaja za magari ya mwendo kasi, yaani mashine zinazoendeshwa na injini ili kuisukumia hewa zaidi ndani ya silinda. Mwandishi alizipanga aina tatu, yaani Roots, skurubu pacha na ile ya pangaboi, kwa kuangalia nguvu za farasi zinazopatikana injini ikikaribia kikomo cha mizunguko yake. Kipimo hicho si cha uongo, ila kwa anayeendesha barabarani jambo kubwa ni kujua msukumo wa hewa unafika lini.

Shinikizo la pangaboi hupanda takriban kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Tuseme imefungiwa puli (gurudumu la mkanda unaoizungusha) ya kutoa pauni 10 kwa inchi ya mraba injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Kwenye mizunguko 3,250, ambako dereva anataka kulipita lori bila kubadili gia, zitabaki kama pauni 2 na nusu, kwa hiyo atakanyaga mafuta na kusubiri. Roots na skurubu pacha hazimsubirishi, kwa kuwa kila mzunguko hubeba takriban ujazo uleule wa hewa. Si ajabu kwamba Dodge Challenger Hellcat ya mwaka 2015, gari zito la nguvu za farasi 707, ilifungwa skurubu pacha ya lita 2.4.

Hata hivyo, hizo mbili zisitiwe kapu moja. Roots, ambayo ndugu wawili wa Indiana, Marekani, waliipatia hataza mwaka 1860 ikiwa mashine ya kupuliza hewa, haibani hewa ndani yake. Huipeleka tu hadi mlango wa kutokea, na hapo hewa iliyokwisha kubanwa huirudia kwa kishindo na kuipasha moto. Kampuni ya Eaton imepunguza kasoro hiyo kwa rota (vyuma vinavyozunguka ndani) za mabawa manne zilizosokotwa nyuzi 160, na kwa shinikizo la wastani sioni sababu ya kuidharau. Shinikizo likiwa kubwa, skurubu pacha huishinda, maana huibana hewa humohumo ndani na kuitoa ikiwa na joto dogo zaidi. Lakini huibana hata gari likienda taratibu, hivyo ikikosa vali ya kuirudisha hewa pembeni itakula mafuta bure. (Wapo wanaoinunua kwa ajili ya mlio wake tu, hao siwezi kuwashauri.)

Pangaboi nayo ina mahali pake. Haipashi sana hewa, na kwa kuwa nguvu zake huja polepole, giaboksi na matairi hupata nafuu. Kwa gari jepesi la kwenye uwanja wa mashindano, ambako mizunguko ya injini haishuki chini, ningeichukua bila kusita. Gari la Koenigsegg CCX lilifungwa mbili za namna hiyo.

Kwa hiyo naomba mtakapolirudia somo hili mchapishe mchoro mzima wa nguvu kuanzia mizunguko 2,000, pamoja na joto la hewa inayoingia kwenye silinda baada ya gari kukimbizwa mara kadhaa mfululizo. Jaribio la kwanza, injini ikiwa bado haijapata moto, huzipendelea aina zote tatu.

Wako,
Msomaji wa safu ya magari